Suti, Tai na Miguu Mitupu

Wasifu wa marehemu Mwalimu Marselino Ng'wigulu (1949–1998), unaosomwa na binti yake Klara, Ibadakuli, Ijumaa tarehe 18 Septemba 1998

Ndugu, majirani na marafiki, kabla ya lolote familia inaomba radhi kwa jalada la ratiba mliyoshika. Duka lililotutengenezea liliikata picha ya Mwalimu kifuani, kama linavyofanya kwa marehemu wote, na tuliligundua hilo jana jalada likiwa limeshatoka. Picha nzima ni ile iliyo juu ya jeneza. Tunaomba kila atakayepita kutoa heshima za mwisho aitazame mpaka chini, kwenye miguu. Mwalimu aliichagua mwenyewe, na aliipiga kwa ajili ya mtu mmoja. Mtu huyo bado hajafika.

Mwalimu Marselino alizaliwa tarehe 9 Machi 1949 hapa hapa Ibadakuli, mtoto wa kwanza wa Mzee Ng'wigulu na Mama Limi, wafugaji na wakulima wa pamba. Wawili waliomfuata walifariki wachanga. Wa nne alikuwa Theonest, aliyezaliwa mwaka 1955. Mwalimu alimbeba mgongoni, alimfundisha kukamua, na mpaka mwisho wa uhai wake alipoulizwa ana ndugu wangapi, alijibu, "Mmoja, lakini mzima."

Alianza shule mwaka 1957, akamaliza darasa la nane mwaka 1964, na baada ya miaka michache ya kulima na kusubiri nafasi akaingia chuo cha ualimu, alikohitimu mwaka 1970. Alipoondoka nyumbani, fimbo ya ng'ombe ilipokelewa na Theonest, ambaye hakuvuka darasa la tatu. Mama Limi hakuwa mtu wa kuficha neno. Alisema kalamu ya mmoja ilishikika kwa sababu fimbo ilishikwa na mwenzake.

Mwalimu alifundisha vijijini Geita kuanzia mwaka 1971, kisha akahamishiwa Kahama mwaka 1983, akajenga Nyasubi. Alifundisha jiografia na mwandiko. Waliosoma kwake miaka ile ya mwanzo wanakumbuka ukaguzi wa asubuhi: kucha, kola, na viatu kwa wenye viatu. Vya kwake viling'aa hata wakati wa masika, na mwanafunzi mwenye tope miguuni alirudishwa kisimani kunawa. Watu wanaomfahamu kwa jina la Mwalimu Peku huenda wasiamini kwamba huyu ni mtu yule yule.

Tarehe 6 Julai 1974 alifunga ndoa na Bernadina, mama yetu. Ng'ombe wa mahari waliswagwa na Theonest kwa miguu kutoka Ibadakuli mpaka kwa wakwe. Siku ya harusi ndipo alipokuwa anarejea nyumbani, amebabuka midomo kwa jua, miguu imepasuka na kujaa vumbi mpaka magotini. Mpiga picha alikuwa amekwisha kuwapanga watu mbele ya nyumba. Theonest akaja kusimama pembeni ya kaka yake, upande wa kulia. Mwalimu akamtazama miguu, akasema kwa upole kabisa, "Theo, hebu kaa kando kidogo. Picha hii wataiona walimu wenzangu." Theonest akakaa kando. Picha ikapigwa, ikatiwa fremu, ikatundikwa ukutani kwa Mama Limi, na kwa miaka kumi na sita hakuna aliyeizungumzia.

Mama Limi alifariki mwaka 1990. Baada ya matanga, Theonest aliyekuwa bado anaishi na ng'ombe wa nyumbani alisimama mbele ya ukuta ule. Mama yetu alikuwepo na aliyasikia maneno yao.

"Kaka, nimetafuta hapa. Baba yupo, mama yupo, shemeji yupo, wewe upo. Hata jogoo yupo, huyu hapa anapita. Mimi sipo."

"Ni picha moja tu, Theo."

"Ndiyo iliyopo. Nikifa huko niendako, mtaweka nini juu ya sanduku langu?"

"Tutapiga nyingine. Kesho twende mjini tukapige."

"Kwa viatu vya nani?"

Kesho yake alikuwa ameondoka. Tulisikia yuko Geita kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, kisha tukasikia yuko upande wa Segese. Wachimbaji huitana kwa majina ya utani, na anayemtafuta mtu kwa jina alilobatizwa nalo hujibiwa kwamba hayupo. Mwalimu alikwenda mara kadhaa wakati wa likizo, akarudi kila mara akiwa amekonda. Redio ilipotangaza kwamba duara limefukia watu, aliacha kula mpaka majina yasomwe. Majina yakisomwa hakutulia pia, kwa sababu yalikuwa ya utani.

Mwaka 1992 ndipo alipoingia studio ya Bwana Mohamedali hapo Kahama, akavaa suti yake ya kijivu na tai, akavua viatu na soksi, akaviacha mlangoni.

"Mwalimu, viatu vyako?" Bwana Mohamedali akamuuliza.

"Nimeviona."

"Suti bila viatu, rafiki yangu, ni chai bila sukari."

"Basi piga hivyo hivyo."

Alipiga picha ya namna hiyo kila mwaka, na hakukubali kupigwa nyingine. Hata picha ya walimu wote ya mwaka 1995 inamwonyesha mstari wa mbele, peku, katikati ya viatu vya wenzake. Wapo waliosema ni nadhiri ya kanisani. Wapo waliosema ni mganga. Yeye hakumweleza mtu. Nakala alizipeleka Segese kwa Mama Euphrasia, anayepikia wachimbaji, naye akazibandika ukutani penye mwanga, jirani na mlango. Kila moshi ulipoifanya moja nyeusi, Mwalimu alipeleka mpya.

Mama Euphrasia yupo nasi leo, na ametusimulia wateja wake walivyokuwa wakimcheka. Mmoja alisema, "Huyu wajanja wamempitia, wakamwachia tai." Mwingine akasema, "Anangoja mshahara, viatu vitakuja mwezi ujao." Mama Euphrasia aliwajibu, "Kula ugali wako. Huyo si wa kukuangalia wewe." Lakini anasema pia kwamba mwaka jana mtu mmoja mwenye mvi alisimama mbele ya ukuta akiwa na sahani mkononi mpaka chakula kikapoa. Alipoulizwa kama anamjua mwalimu yule, alisema, "Miguu hiyo naijua," akaweka sahani chini, akatoka. Hakurudi tena. Mwalimu alipopelekewa habari hiyo hakulala. Kuanzia hapo mlango wa nyumba ya Nyasubi haukufungwa kwa komeo, na mama yetu, ambaye anaogopa wezi, aliuacha hivyo hivyo.

Ugonjwa wa kisukari uligunduliwa mwaka 1994. Daktari alimwonya asikanyage chini bila viatu, naye alitii siku zote za mwaka isipokuwa ile ya picha. Kidonda kilichomwondoa hakikutokana na kutembea peku. Kilianzia kisiginoni Juni mwaka huu, pale kiatu kipya kilipomchubua. Mwezi Agosti akaambiwa mguu wa kushoto ukatwe, aende Mwanza haraka. Yeye akataka kupita kwanza kwa Bwana Mohamedali.

"Baba Klara," mama alimwambia, "picha itakungoja. Kidonda hakingoji."

"Akiuona mguu mmoja atadhani si mimi."

"Na asipokukuta kabisa?"

Alipelekwa studio kwa baiskeli, akafungua bendeji mwenyewe, akasimama wima. Bwana Mohamedali, aliyemtania miaka yote, safari hii alipiga haraka na hakupokea malipo. Ndiyo picha iliyo juu ya jeneza. Mkiinama mtakiona kidonda.

Alifariki hospitalini Mwanza asubuhi ya Jumanne, tarehe 15 Septemba, kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Daktari alisema sumu ilikuwa imeshaenea kwenye damu tangu mapema. Mama ameuliza mara nyingi kama zile siku chache zingebadilisha jambo, na anajibiwa vile vile. Bado anauliza. Tangazo la msiba limesomwa redioni, likimtaja Theonest popote alipo. Lakini redio haionyeshi miguu, na hatujui kama bado anaitikia jina hilo.

Kwenye kikao cha mazishi mzee mmoja wa ukoo alishauri, kwa nia njema, kwamba Theonest aandikwe pamoja na waliotangulia, ili watu wasibaki wakiulizana. Mama alijibu, "Shikamoo baba. Marehemu wangu ni mmoja. Huyo mwingine sijamzika."

Kwa hiyo, Mwalimu Marselino ameacha mjane, Bernadina. Watoto wanne na wajukuu wawili. Wanafunzi wengi kuliko tunavyoweza kuwataja. Na mdogo wake, Theonest.

Amevalishwa suti ya kijivu na tai. Viatu vyake viko nyumbani Nyasubi, mlangoni. Baada ya mazishi, familia itapiga picha hapa kaburini kama ilivyo desturi, na Bwana Mohamedali amekuja na kamera yake. Tunawaomba watakaosimama nasi wavue viatu. Nafasi ya kulia, aliposimama Theonest kabla ya kuambiwa akae kando, itaachwa wazi. Nakala ya kwanza, ikishasafishwa, itakwenda Segese, ukutani kwa Mama Euphrasia.

Mwalimu wetu apumzike kwa amani. Kazi ya kumngoja Theonest ametuachia sisi.