Haikuwa Maua ya Matanga

Mama zangu na dada zangu wa likelemba hii, chama chetu cha kuchangiana fedha kwa zamu, asanteni kwa kunipa nafasi kabla hatujagawa. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi, nikayafuta, nikayaandika upya, mwisho nikaiacha karatasi nyumbani. Ningekuja nayo ningesimama hapa nikisahihisha badala ya kusema. Sitataja jina la mtu. Na mkiona sauti yangu imechoka, msifikiri ninaumwa. Mwaka huu ndivyo ulivyoniacha.

Kazi yangu mnaijua. Mtu anaishi hapa Kisangani, mama yake au mchumba wake yuko Yanonge, mwingine Bafwasende, naye anataka kumtumia kitu kizuri. Mimi naotesha maua nyuma ya nyumba, nayakata, nayafunga, natafuta mtumbwi au pikipiki ya kuyapeleka. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwenye simu, kwa video za nchi ambako maua husafiri ndani ya gari lenye baridi. Nilikuwa nikisimamisha video, narudisha nyuma, natazama kidole cha yule mfungaji kinapita wapi, mpaka utepe wangu ukakaa kama wake.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango narudi kuutazama. Nikimsalimia mtu vibaya asubuhi, jioni bado naitengeneza ile salamu kichwani. Ndiyo maana nilipenda maua. Ua unaweza kulirekebisha na kulirekebisha, na hakuna anayekuambia una kichaa. Wanasema tu, huyu binti anajua kazi.

Siku moja akaja kijana, mtu mpole, mama yake anakaa Yanonge. Alikuwa hajashuka kumwona kwa miaka. Kila sikukuu alimwambia mama, nitakuja, halafu kazi inamshika. Safari hii akasema, "Basi angalau nimutumie maua, ajue ninamufikiri."

Nilitaka maua yale yawe kazi yangu nzuri kuliko zote. Nilichagua yungiyungi meupe, yale ninayoyaotesha karibu na kisima. Nikatafuta utepe wa zambarau, kwa sababu kwenye video zambarau na nyeupe hukaa vizuri pamoja. Nikamuuliza tuandike nini. Akasema, "Andika Mapendo ya milele. Na jina yangu kubwa, mama asome bila miwani." Nikaandika kwa herufi za dhahabu. Nikaandika jina lake kubwa sana.

Naona wengine wenu mmeshaweka mkono mdomoni. Ninyi mmeona upesi. Mimi nilikuwa nimeinama juu ya herufi, sikuona kitu.

Bandarini nikamkabidhi maua papa mmoja, mzee mwenye mtumbwi wa injini. Nikamwambia, "Papa, tafadhali, usiseme kitu. Iko surprise."

"Nisiseme hata kidogo?"

"Hata kidogo. Utamupatia tu mu mikono."

Papa yule alikuwa mwaminifu. Laiti angekuwa mropokaji!

Yaliyotokea Yanonge nilisimuliwa baadaye na papa mwenyewe. Jua lilikuwa kali, naye nilikuwa nimemwonya kuhusu jua. Kwa hiyo alivua kofia yake akayafunika maua nayo. Sasa mtazameni anavyoshuka ufukweni: mwanamume mtu mzima, kichwa wazi, amebeba maua meupe kwa mikono miwili, anatembea polepole ili yasivunjike. Wanawake wa samaki wakamuuliza, "Papa, iko nini?" Papa kimya. "Papa, ni nani?" Papa akatazama chini. Aliniambia alikuwa anazuia kicheko, asije akaharibu surprise.

Mwanamke mmoja akasogea akasoma utepe. Akalitaja lile jina kwa sauti.

Kilio kilipanda mlima kabla ya papa. Alipofika kwenye ua wa yule mama, ua ulikuwa umejaa watu tayari. Mama alikuwa anatwanga pondu, majani ya muhogo. Alipoona zambarau na dhahabu, rangi za utepe wa kaburini, na jina la mtoto wake juu yake, alianguka juu ya kinu, mkono ukavunjika. Papa akaanza kupiga kelele, "Ni surprise! Ni surprise!" Nani atamsikia mtu mmoja katikati ya kilio?

Mwisho kijana mwenyewe akapata habari za kifo chake. Akampigia mjomba wake.

"Tonton, ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mimi mwenyewe, tonton. Niko muzima."

"Mwizi wewe! Unaiba simu ya marehemu, halafu unaniita tonton?" Akakata.

Mnacheka. Chekeni, siku hizi hata mimi naweza. Wakati ule sikuweza. Kijana alinipigia simu kabla ya kupanda pikipiki kwenda Yanonge kujionyesha. Hakunitukana. Aliniuliza tu, kwa sauti ya chini kabisa, "Dada, unajua umefanya nini?"

Hapo ndipo nilipoanguka. Habari ilifika mjini haraka. Nikipita sokoni, wananiita Mama Couronne, lile shada la kaburini. "Mama Couronne, leo iko zamu ya nani?" Lakini si mzaha ulionimaliza. Kilichonimaliza ni kwamba nilikaa nikaikagua ile kazi, kipande kwa kipande, kama ninavyokagua kila kitu, nikitafuta kosa. Maua yalikuwa mabichi. Utepe ulikuwa umenyooka. Herufi zote zilikuwa sawa. Kila nilichokiongeza ili kipendeze kilikuwa kimeongeza kifo. Nikasema moyoni, kama uangalifu wangu ndio uliomvunja mama wa watu mkono, mimi sina kitu kingine cha kutumia. Sina.

Nikaacha kumwagilia. Yungiyungi yalilala, hata mikebe ya mimea ya vivuli nyuma ya nyumba ikakauka. Watu walikuja kuagiza, nikamtuma dada yangu aseme ninaumwa. Nilikuwa naamka nimechoka kama mtu aliyetwanga usiku kucha. Sikuja hapa kwenye likelemba. Mlituma salamu, sikujibu.

Halafu mmoja wenu akaja. Anakaa pale nyuma, anauza samaki, ameinamisha kichwa sasa, ananikataza kwa macho. Yaya, dada yetu mkubwa, uvumilie tu. Aliingia bila kubisha, akakaa juu ya ndoo, akatazama maua makavu, akanitazama mimi.

"Hapa matanga iko ya nani?"

"Hakuna, yaya."

"Mbona unalia sawa mujane? Bwana hauna, maiti hauna."

Yaya akavunja jani moja kavu kwa vidole.

"Ule mama wa Yanonge, ulishaenda kumuona?"

"Ninaogopa."

"Ninaogopa, ninaogopa! Maua yako ilienda, wewe ukabakia. Kesho naenda kule kuchukua samaki. Utakuja na mimi."

Ndugu zangu, njiani nilitunga ombi la msamaha lenye mwanzo, katikati na mwisho. Tulipofika, mama alikuwa amekaa mlangoni, mkono umefungwa, anajaribu kumenya ndizi kwa mkono mmoja. Ombi lote likapotea.

"Ni wewe wa maua?"

"Ndiyo, mama."

"Kuko mutu mwenye amekufa leo?"

"Hapana, mama."

"Bon. Ikala hapa chini."

Akanisukumia kisu na ndizi. Nikamenya. Nilimenya kwa uangalifu wangu wote, nikiondoa kila uzi. Akanitazama kwa muda, akasema, "Unamenya muzuri sana. Tutakula kesho kutwa." Yaya akacheka mpaka akashika ukuta.

Nikasema, "Mama, nisamehe."

Hakusema ndiyo. Alisema, "Mutoto alikuja. Kila mwaka anasema nitakuja, nitakuja. Ile siku akafika na pikipiki, vumbi mpaka mu meno, anasema, mama, nishike, niko muzima. Nikamushika. Halafu nikamupiga, na huu mukono wenye ulibakia." Akauinua ule uliofungwa. "Usifikiri ninakushukuru. Mukono inaniuma."

"Ndiyo, mama."

"Na kule bandari, kuko wanawake wenye wanaendelea kunipatia pole. Wengine wanasema mutoto alifufuka. Wengine wanasema ule mwenye alikuja ni pacha wake nilimuficha. Nimechoka kujibu. Ni wewe ulianza ile maneno. Shuka, uwaambie."

Mimi, ambaye nikiagiza mkate dukani najizoeza kwanza! Nilimtazama yaya aseme neno. Akajifanya anahesabu samaki ambao hata hajanunua.

Nikashuka. Walikuwa wengi, wana visu, wana magamba mikononi. Nikasimama katikati yao. Nikapaza sauti.

"Mama zangu! Ile maua haikuwa ya matanga!"

Mmoja akauliza: "Ilikuwa ya nini sasa?"

"Ya kusalimia."

"Unasalimia mutu na utepe ya kaburi?"

"Sikujua."

"Hakujua! Na ule papa wako alitembea sawa padri, naye hakujua?"

Wakacheka. Wakacheka mbele yangu, uso kwa uso. Nilisimama pale, nikagundua kwamba bado nimesimama. Mama mmoja mzee kidogo akaniambia bila hasira, huku anaendelea na samaki wake, "Mwanangu, huku mutu akileta muzigo anasema kwanza, iko amani. Anasema tangu mbali. Halafu anatua." Mwingine akadakia, "Mimi binti yangu amezaa. Umuletee ua yenye iko na udongo yake, mutu apande. Ile ya kukatwa imeshakufa, iache kwa wafu. Na usiandike jina!"

Ndugu zangu, lile lilikuwa agizo. Nilikuwa nimeshuka kuomba radhi, nikapanda na kazi.

Sasa natuma mimea kwenye mikebe, yenye mizizi na udongo. Utepe siweki. Aliye mtumaji anampigia simu mpokeaji siku moja kabla, na mwenye mtumbwi anasema "iko amani" kabla hajakanyaga nchi kavu. Ule mmea wa kwanza ulipoondoka, nilikwenda bandarini kila jioni kuuliza mpaka jibu likarudi. Ulifika umejaa matope, umelala upande. Binti aliyejifungua akaunyoosha mwenyewe kwa kijiti. Siku hizi naenda kuuliza mara moja tu. Silidanganyi kusanyiko hili: bado naenda.

Yule mama hajawahi kukubali mmea wangu. Anasema ameshaona ya kutosha. Lakini nikienda Yanonge na yaya napita kwake, ananipa cha kumenya. Mkono wake umepona kwa kupinda kidogo. Kila nikiuona najua ni mimi, na naendelea kumenya.

Nawashukuru. Yaya, wewe kwanza, ulinitoa kwa mkono ndani ya nyumba yangu. Nawashukuru ninyi mliotunza nafasi yangu hapa nilipokuwa sijibu salamu. Namshukuru papa wa mtumbwi, ambaye hakunilaumu hata siku moja kwa aibu niliyomvalisha. Nawashukuru wanawake wa bandari kwa kunicheka mbele yangu badala ya nyuma yangu.

Kama nina neno la kumwachia mtu, hasa ninyi vijana mnaojifunza kazi peke yenu kama mimi, ni hili. Mimi niliyauliza maua yanataka nini, nikauliza utepe, nikauliza jua. Yule mama sikumuuliza kitu. Ningeuliza mtu mmoja tu wa Yanonge, hata muuza kashata bandarini, angenipigia kelele: mtoto, weka chini hiyo zambarau!

Basi nimesema. Nimeruka mengine, na mengine nimeyasema vibaya, mtayapanga wenyewe. Kesho asubuhi mtumbwi unashuka, nina mikebe miwili ya kupeleka bandarini. Mniruhusu nikae.