Damu ya Mtani

Kwenye basi la kutoka Lusewa, mzee mmoja Mngoni alikuwa akinieleza mimi, mwalimu wa baiolojia niliyeketi naye, kwamba anakwenda kupasuliwa, na aliyejitolea kumpa damu ni jirani yake Mhehe.

"Yule ni mtani wangu, mwanangu. Damu yake ikinigeuza Mhehe, siku nikifa nani atakuja kunitania msibani?"

"Babu, asili ya mtu imo kwenye kiini cha seli. Seli nyekundu za damu hazina kiini. Zitakubebea hewa miezi kama minne, basi, zinakufa."

Seli nyeupe zinacho, lakini hilo nililiruka. Mzee alishaanza kutabasamu.

Basi liliposimama Songea, simu ilikuwa sikioni: "Mtani, njoo hospitali. Ila kiini chako ukiache nyumbani."