Kidole Gumba Kilichoinama: Tunamuaga Mama Vidole

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mama Vidole anafunga kompyuta yake baada ya kukitumikia kituo chetu cha viungo bandia kwa miaka ishirini na saba. Jina hilo tulimpa sisi wa karakana kwa kumtania. Yeye akaliandika kwenye kikombe chake cha chai.

Alipokuja, mikono ya bandia ilikuwa ya kuagiza tu, ghali mno kwa mtu wa kawaida. Akasema tutengeneze yetu, ya plastiki na kamba, na kila mkono ujaribiwe kwanza ndani ya kompyuta. Humo mkono ulishika glasi, ufunguo, yai. Ukidondosha, hakuna kilichovunjika. Anarekebisha, anaanza upya. Tukipita dirishani kwake tulimuuliza kama mayai ya leo yameshaiva.

Aliyekuwa akichonga vidole vya mikono hiyo ni mimi ninayeandika haya, na kuna jambo sijawahi kulisema.

Mkono wetu wa kwanza ulikuwa wa mama mmoja mshonaji aliyepoteza wake wa kulia. Kompyuta ilitaka kidole gumba kiinamie ndani kabisa, kuelekea kiganja. Mimi nikaona kinatia aibu, kama kidole kilichovunjika. Nikakinyoosha kidogo ili kipendeze, wala sikumwambia mtu. Siku ya majaribio, mbele ya wakubwa, mshonaji kila alipoushika mkasi ulimponyoka. Wakubwa wakasema kompyuta imetudanganya, kitengo cha Mama Vidole kifungwe. Nami nilikuwa nimesimama palepale, kimya kama maji ya mtungi.

Mama Vidole hakubishana. Aliomba wiki moja tu. Akaupima ule mkono kiungo kwa kiungo, akaulinganisha na wa kwenye kompyuta, kisha akaja karakana akanikuta peke yangu. Nikajua yamenifika. Akauweka mezani.

"Mdogo wangu, huu umeufanya mzuri wa kutazama. Sasa nifanyie wa kukatia kitambaa."

Akarudi kwenye kompyuta yake. Nikaipasha moto ile plastiki, nikakiinamisha kidole pale pale alipotaka. Mshonaji akakata kitambaa kutoka pindo hadi pindo, na kitengo kikapona. Wakubwa walipouliza kilichoharibika mwanzo, Mama Vidole aliwajibu kwamba kosa ni la kitengo chake. Hadi leo wanaamini hivyo. Si kweli. Kosa lilikuwa langu, na naliandika hapa ili walisome. Nisamehe, dada.

Sasa mikono yake inapika, inaendesha baiskeli, na mmoja unapiga gitaa, ingawa majirani wa mpigaji wamekuja kutulalamikia. Yote ina kidole gumba kilichoinama, na hakuna niliyemsikia akisema kinatia aibu.

Gauni atakalovaa Mama Vidole siku ya sherehe limekatwa na mshonaji yule yule. Asante kwa kazi yako, dada, na kwa kunistiri. Nenda ukapumzike na heri zetu zote. Na safari hii mayai yawe ya kweli.