Namba ya Mbegu za Bi Zena

Kijiwe cha Mahege kina benchi moja, birika la kahawa la Nasra na wazee wawili wasiokubali kushindwa. Hemedy anaitwa Redio kwa kuwa hazimwi. Ismaily anaitwa Waziri, ingawa hata ujumbe wa nyumba kumi aliukosa. Tangu Nasra akatize shule kidato cha pili, Redio hanywi kikombe cha kwanza bila kumpa hesabu, kichwa kisije kikaota kutu. Asubuhi hiyo akaichomoa karatasi kikapuni mwa Nasra. Ilikuwa ya mama yake, Bi Zena, ya kuchukulia mbegu za mahindi ya mlau, yale yanayopandwa kwenye tope maji yakishapungua. Mafuriko yalisomba akiba yao yote, na mgao wa ofisi ya kata ulikuwa unafungwa saa nne.

— Namba 142857, Redio akasoma. Haya binti, mara mbili!

Nasra akaandika kwa mkaa kwenye boksi la biskuti.

— 285714, mjomba.

— Mara tatu.

— 428571.

Mkono wake ukasimama.

— Mjomba, mbona ni zile zile? Moja, nne, mbili, nane, tano, saba. Hakuna mgeni hata mmoja!

— Umekosea, Waziri akasema. Lete hapa.

Akatoa simu yake ya kitochi, akabonyeza mwenyewe. Mara nne: 571428. Mara tano: 714285. Mara sita: 857142. Macho yakamtoka, akaizima simu na betri akaichomoa.

— Lahaula! Zinahama viti tu! Ya mbele inakwenda nyuma, na foleni haivunjiki!

— Kompyuta hiyo, Redio akasema. Wamemtegea Bi Zena. Apande heka moja, apande sita, wao wanamwona tu.

— Acha fiksi, Redio. Hilo jini la mtoni. Leo kiboko, kesho gogo, keshokutwa mtumbwi, kumbe mwenyewe ni mmoja.

— Sasa hizo mbegu zitaota nini? Redio akauliza.

— Ziote wapi! Zitazunguka humo humo topeni mpaka kiama!

Nasra akatazama upande wa mtoni. Tope la bondeni lilishaanza kupasuka. Wiki moja zaidi, na mama angepanda kwenye matofali. Akajaribu mara saba, akiomba itoke namba ya kawaida, ya watu.

999999.

Mkaa ukamdondoka.

— Tisa tupu! Redio akaruka. Choma hiyo karatasi! Itie jikoni, upesi!

Nasra akaishika juu ya makaa. Hapo akapita jirani yao Biasha, kiroba cha mbegu kichwani.

— We Nasra, bado uko hapa? Kwenye foleni wamebaki wanne!

— Hatukatai mbegu, Waziri akasema. Tunakataa namba.

— Imewakosea nini?

Waziri akakuna shingo. Nasra akalitazama tena lile boksi, mstari kwa mstari.

— Haijakosea, akasema polepole. Nimeikagua yote. Haijakosea popote.

Akaikunja karatasi, akakimbia.

Waziri akalivuta boksi kwake.

— Na mara nane je?

Redio akatazama njia aliyopita Nasra. Kisha akauokota mkaa mwenyewe.