Mama Arlis Tveit, Aliyemkaripia Mungu Mchana Kweupe

Tarehe thelathini na moja Mei, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Mama Arlis Tveit atakabidhi funguo za ofisi ya Kanisa la Betania, hapa Fjelde, Minnesota. Funguo za jiko hajasema atazikabidhi lini, na kamati haijapata mtu wa kwenda kumuuliza. Kwenye karatasi alikuwa karani wa kanisa. Kwa kweli alikuwa karani, polisi wa maegesho na mkuu wa chakula cha misiba, na wachungaji watano waliopita hapa walikuwa wasaidizi wake, ingawa wawili kati yao walihama bila kulijua hilo.

Wengi mnakumbuka mwaka wa ile tufani ya theluji iliyofunga barabara zote. Mchungaji wa wakati huo alitaka kuahirisha mazishi. Mama Arlis alimjibu kwamba marehemu hana haraka, lakini viazi vimeshaingia jikoni. Mazishi yalifanyika, na waombolezaji walikuja na matrekta.

Chakula chenyewe mnakijua: viazi vilivyookwa na jibini, paja la nguruwe, jeli ya kijani yenye karoti ndani, na kahawa nyepesi mpaka unaona kitako cha kikombe. Sisi Walutheri wa huku hatulii mbele za watu. Tunakula, na tukishashiba tunagawa maneno. "Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba." "Sasa yuko mahali pazuri zaidi." "Mungu alihitaji malaika mwingine." Katika kuyagawa hayo Mama Arlis hakuwa na mpinzani, kila sahani ilitoka na neno lake. Mjane aliondoka Betania na mabaki ya viazi mkono mmoja na mpango wa Mungu mkono wa pili, vyote vimefungwa vizuri kwa karatasi ya foili. Hakuna aliyewahi kurudi kulalamika, na sisi tulidhani hiyo ni dalili ya ubora.

Miaka tisa iliyopita, asubuhi moja ya Februari, gari la mwanawe wa pekee, Jared, liliteleza kwenye barafu na kupinduka. Alikuwa na miaka ishirini na minne.

Siku ya ibada ya mazishi tuliposhuka ukumbini kula, Mama Arlis aliinuka kwenye kiti cha wafiwa, akafunga aproni juu ya gauni lake jeusi, akachukua birika na kuanza kutumiminia kahawa meza kwa meza. Mazoea yana taabu. Na sisi, ndugu zangu, tulifanya nini? Tulisogeza vikombe. Hakuna hata mmoja aliyemwambia akae. Mimi, Wendell Aasen, mpiga kinanda wa kanisa hili, niliomba na maziwa.

Kisha maneno yake yote yakaanza kumrudia, yakiwa bado na joto. Doreen Stenseth, rafiki yake wa tangu shule, alimkumbatia na birika lake mkononi akamwambia, "Usilie shoga, Mungu alihitaji malaika." Mama Arlis, ambaye wala hakuwa akilia, alilishika birika lisimwagike.

"Asante, Doreen," alisema. "Chukua jeli."

Mchungaji Lindgaard, mtu mwema asiyejua pa kuweka mikono yake, alimwambia Jared sasa amepumzika mahali pema. Sote tulijua alipokuwa. Februari ya huku ardhi imeganda, hakuchimbiki, na wafu wetu hungoja masika ndani ya kibanda cha mawe pale makaburini, ambamo pia huwekwa mashine za kukatia nyasi. Hilo hatulisemi mezani. Lakini Mama Arlis alipita mbele ya kibanda kile kila asubuhi akija kazini, na kila jioni akirudi.

Alifanya kazi kama kawaida, ila hakuimba tena. Tukifika kwenye nyimbo alifunga mdomo na kutazama dirisha. Wiki ya pili ya Kwaresima alikuja kinandani nikiwa peke yangu.

"Wendell, Pasaka ikiisha naacha kazi. Kanisa pia naacha."

"Utapumzika kidogo halafu utarudi."

"Hujanielewa, bwana. Watu wanapiga simu hapa wakilia, na mimi nawaambia Mchungaji atawaombea. Namwomba nani mimi? Siamini kama kuna mtu upande wa pili. Kuwadanganya watu kwenye simu sitaki."

Nilimwambia muda huponya. Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nayo stoo siku hiyo.

Sasa niseme kidogo kuhusu kipaza sauti. Kutoka mimbarini kuna waya unaofika kwenye ukumbi wa chakula wa nyumba ya wazee, ng'ambo ya barabara, ili wasioweza kutembea wasikie ibada. Mchungaji Lindgaard alipewa vipawa vingi, lakini cha kuzima kitufe alinyimwa. Kwa njia hiyo wazee wetu walikuwa wanajua habari za tumbo lake, na maoni yake kamili kuhusu wanakwaya wa sauti ya kwanza. Jumatano moja alijaribu sauti, akaridhika, akaenda kula, akaacha mimbari ikiwa hai. Mama Arlis akaingia kubadilisha vitambaa vya madhabahu, akadhani yuko peke yake. Ng'ambo ya barabara supu ndiyo kwanza ilikuwa inapakuliwa.

Waliokuwepo wanasimulia kwamba kwanza zilisikika hatua, kisha hivi:

"Wewe! Nasema na wewe! Umemchukua mtoto wangu na hata shimo hujampa! Wako ulimzika siku ileile, tena kwenye kaburi jipya! Wangu yuko stoo na mashine za nyasi! Wako siku ya tatu ulikwenda kumtoa, hukuweza kungoja zaidi, mimi nangoja mpaka lini? Eti huwapi watu mzigo wasioweza kuubeba. Njoo uniambie mwenyewe basi! Na usinitumie Doreen tena!"

Muuguzi alikimbilia spika aizime. Bibi Hjordis Brekke, aliyekwisha kuzika waume wawili na binti mmoja, akamwinulia fimbo.

"Ukigusa hicho kitufe nakuchapa. Tuko ibadani."

Jioni mji mzima ulikuwa na habari. Mama Arlis alipopata kujua alitamani ardhi ipasuke, lakini kama nilivyoeleza, ilikuwa imeganda. Kesho yake alivuka barabara kwenda kuwaomba wazee radhi. Walikuwa wamemwekea kiti.

"Radhi ya nini?" akauliza Bibi Hjordis. "Hayo ndiyo mahubiri ya kwanza niliyosikiliza mpaka mwisho bila kusinzia. Wiki ijayo utakuwepo?"

"Bibi, usinifanyie mzaha. Mimi siamini tena."

"Acha uongo, mwanangu. Nani anasimama kuigombeza nyumba iliyohamwa? Ungekuwa huamini, ungebadilisha vitambaa vyako ukaenda zako. Umepiga kelele kwa sababu unajua yumo ndani."

"Kama yumo mbona hafungui?"

"Hilo sijui. Mimi nimeanza kugonga kabla hujazaliwa. Kuna siku nimesikia kitu, kuna miaka sikusikia kitu. Kesho nitagonga tena, na hawa wote unaowaona hapa watagonga. Kaa, supu inapoa."

Akakaa. Hakuvua hata koti. Akalia mbele ya watu, kwa sauti, supu ikimpoa, na wala paa la Fjelde halikuanguka. Wazee wale, ambao sisi tuliwahesabu kuwa wa kuhudumiwa tu, waliendelea kula taratibu na kumsogezea mkate. Alirudi pale kila Jumatano. Pasaka ikaja ikapita, na ofisini simu ikaendelea kupokewa na mtu yuleyule.

Ardhi ilipolegea, mwanzoni mwa Mei, tulimzika Jared. Wazee walikuja na basi lao, na magurudumu ya viti vyao yakazama kwenye tope hadi ikabidi kwaya iwasukume. Tulipofika kwenye Imani ya Mitume, mahali pa ufufuo wa mwili, sauti ya Mama Arlis ilizipita zote. Hakusema kwa upole. Alisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake ahadi mbele ya mashahidi, na macho yake hayakutazama kitabu wala Mchungaji. Mimi nimekiri imani hiyo tangu kipaimara. Siku ile ndiyo kwanza nilielewa kuwa ni jambo la kung'ang'ania.

Tangu hapo jiko likapata sheria. Atakayemwambia mfiwa habari za malaika, mizigo au mahali pazuri zaidi, ataosha lile birika kubwa la kahawa, peke yake, mpaka ling'ae. Doreen ameliosha mara nyingi sana, na sasa ni mwanamke mnyamavu kiasi. Mchungaji Lindgaard aliliosha Jumatatu moja ya Pasaka, mikono ya kanzu ameikunja, akiuliza kama "muda huponya" nao umo katika sheria. Umo. Yanayoruhusiwa ni "pole", "kula", na "nitakuja Jumanne", na ukisema utakuja Jumanne, uje.

Desemba iliyopita nilifiwa na mke wangu, Lorna. Mama Arlis alisema atakuja Jumanne, na Jumanne akaja, mikono mitupu, kwa kuwa viazi nilivyokuwa navyo vilitosha kulisha kaunti. Akakaa kwenye kiti cha dirishani. Nikamwambia ukweli.

"Arlis, siwezi kuomba. Nikifungua mdomo hakitoki kitu."

"Najua. Natoka kanisani sasa hivi, nimeshamkaripia kwa niaba yako. Leo wewe pumzika. Kesho tutakwenda wote."

Kesho yake tulikwenda. Kwanza alihakikisha kitufe kimezimwa, maana mimi ni mtu wa haya. Nilichosema humo ndani hakiandikiki kwenye jarida la kanisa. Yeye alikuwa nyuma yangu ameshika koti langu, na nilipomaliza akasema amina. Sijapata jibu. Lakini usiku ule nililala, na Jumapili nilipiga kinanda, na nimeendelea kwenda.

Asante, Mama Arlis, kwa miaka thelathini na mitatu, na kwa kutunyang'anya maneno yetu mazuri. Tunakutakia mapumziko mema, afya, na chakula kilichopikwa na mtu mwingine. Uishi miaka mingi, mama, usiwe na haraka. Siku utakapofika kwa Mungu tunajua hutaanza na sifa, utaanza na maswali. Jared atakuwa amesimama palepale, akikungoja umalize.