Tupokigwe Kibona na Sindano Iliyobaki Ndani ya Kitambaa

Wapendwa mliofika hapa Mpemba kutusaidia kumlaza ndugu yetu, Mungu awabariki. Mama Tupokigwe Kibona, mke wa mzee Yesaya Simbeye wa Majengo, Tunduma, alizaliwa tarehe 3 Machi 1974 katika kijiji cha Isoko, Ileje, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Gwakisa Kibona na marehemu mama Tukuswiga. Maneno haya yameandikwa na mdogo wake, Lusubilo, akisaidiwa na wanawake wa kikundi cha marehemu, maana wao wameyaona mengi ambayo sisi wanaume hatukualikwa kuyaona.

Marehemu alisoma Shule ya Msingi Isoko kuanzia mwaka 1982 hadi 1988. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, ila kwa kumaliza jambo hakuwa na mpinzani. Mvua ikiwakuta kwenye kahawa, wenzake walitupa majembe wakakimbilia kwa jirani. Yeye alibaki peke yake akimalizia mstari wake, kisha akarudi nyumbani ametota chapachapa, na bado akawauliza wenzake mbona wameacha kazi nusu. Na ugomvi aliumaliza hivyohivyo. Ukimuudhi asubuhi, alitaka myamalize kabla ya chakula cha mchana, utake usitake. Mama yake alikuwa akimwambia, "Tupo, mwanangu, mwache mwenzio apumue kwanza." Hakusikia. Ilimchukua miaka mingi kusikia, na aliyemfanya asikie hakuwa mtu wa Isoko.

Mwaka 1989 alikwenda Mlowo kwa mama yake mdogo, Marita, aliyekuwa na cherehani mbele ya duka kando ya barabara kuu. Huko alijifunza ushonaji, na mwaka 1996 alihamia Tunduma akaweka cherehani yake mwenyewe kwenye kibaraza sokoni Majengo. Wanawake waliovuka mpaka kutoka Nakonde na vitenge vyao aliwapokea kwa Kibemba cha kuokoteza, "Mwaiseni, bamayo!", yaani karibuni mama, halafu Kibemba kinaishia hapo na mkono unamalizia. Nguo ya Tupo haikufumuka. Wapo hapa leo waliovaa nguo zake za zamani, nasi tunawaona, na tunawashukuru kwa heshima hiyo.

Tarehe 1 Septemba 2001 alifunga ndoa na mzee Yesaya, fundi wa malori, mgane aliyefiwa na mkewe Aida mwaka 1998. Mzee Yesaya alikuwa na binti wa miaka tisa, Ruti. Hapo marehemu alifanya kosa ambalo mtu wa kumaliza mambo hawezi kulikwepa. Siku ileile ya kuingia nyumbani alimvika mtoto gauni jipya alilomshonea kwa mikono yake, akamketisha, akamwambia, "Sasa niite mama, tumalize." Ruti alilivua gauni, akalikunja vizuri, akalirudisha mezani. Kuanzia siku hiyo alimwita Dada Tupo. Hakumkosea adabu hata mara moja, alimwamkia, alimwoshea vyombo, alimsaidia kuwalea wadogo zake Amoni na Gloria walipozaliwa. Lakini mama hakulitamka. Tuseme kweli mbele ya jeneza lake, jambo hilo lilimuuma dada yetu kuliko ugonjwa wowote aliowahi kuugua. Alitaka kuwa mama wa Ruti, na hakujua afanyeje zaidi ya kudai.

Ngoma ilimkuta kazini. Mwaka 2011 mama mmoja wa Nakonde, anayeitwa Bana Tabita, yaani Mama Tabita, alimletea kazi ya kushona vibwebwe vya wanawake wanaocheza kwenye kicheni pati. Marehemu alivishona, akavipigia vizibo vya soda vilivyopondwa ili vilie kiunoni, akapeleka mwenyewe, akaambiwa akae aone. Alikaa. Jioni hiyo alirudi nyumbani amejifunga kimoja.

Kwa wasioijua, ngoma hiyo ni ya tumbo na kiuno, kifua kimetulia, na haipangwi. Hakuna mazoezi ya "kwanza hiki, pili kile." Anayesimama mbele ndiye anayeamua, na walio nyuma wanamfuata papo hapo kwa kumtazama bega. Akigeuka, mstari wote unageuka naye, na aliyekuwa nyuma kabisa anajikuta yeye ndiye kiongozi, apende asipende. Kuna kupepeta, kuna kukoroga, kuna kutwanga, kuna nane, yaani kiuno kuchora tarakimu ya nane. Marehemu kila mwondoko peke yake aliuweza kwa wiki chache. Shida yake ilikuwa pale katikati. Alipepeta vizuri, akamaliza, akasimama, akafikiri, ndipo akaanza kukoroga, kama lori linalobadilishwa gia na mwanafunzi. Bana Tabita alishika kichwa. "Awe, bamayo! Hapana! Nani kakwambia umalize? Huu ukiwa haujaisha, ule uwe umeshaingia. Panono panono, taratibu."

Yeye alijibu, "Sasa nisipoumaliza huu, nitajuaje kwamba nimeucheza?"

Mwaka 2013 kikundi kilialikwa Mlowo, kulekule alikojifunzia kazi. Mstari ukageuka, akajikuta mbele. Alitwanga mpaka mwisho, akasimama kufikiri. Waliokuwa nyuma yake hawakusimama. Jenista, wifi yake, dada wa mzee Yesaya, aliyekuwa miongoni mwa wageni, amesimulia kwamba wanawake waligongana mpaka mmoja akakalia sufuria ya wali, na ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Ruti pia alikuwepo. Hakucheka, lakini marehemu alipotoka nje hakumfuata pia. Marehemu alirudi Tunduma akatundika kibwebwe ukutani, akasema basi, yamekwisha.

Hayakukwisha. Asubuhi moja alikuwa anashona mfuko wa shati la shule. Alipofika kwenye kona alifanya alichokuwa anakifanya kila siku tangu alipojifunza kushona Mlowo: aliiacha sindano ndani ya kitambaa, akainua mguu wa cherehani, akageuza kitambaa, akaushusha mguu, akaendelea. Hakukata uzi. Hakuanza upya. Fundi wa jirani anasema alimwona ameganda na shati mkononi, kisha akaanza kucheka peke yake, kisha akasimama kibarazani, akaukita mguu wa kushoto chini na kuuacha hapo, akakizungusha kiuno kutoka kutwanga mpaka kukoroga bila kusimama, mbele ya wateja na waendesha bodaboda.

Akampigia simu Bana Tabita. "Nimepata! Mguu mmoja unabaki chini. Huo ndio sindano. Kiuno kinageuka juu yake."

Bana Tabita akamuuliza, "Kumbe siku zote ulikuwa unaondoka na yote miwili?"

Kujua ni kitu kimoja, na mwili kukubali ni kingine. Miezi ilipita akijizoeza jikoni huku mboga ikiwa motoni. Mzee Yesaya alimkuta mara moja ameshikilia ukuta, tumbo linapanda na kushuka, akashtuka. "Mama Amoni, tumbo linakuuma?" Akajibiwa, "Haliniumi, linafanya kazi. Subiri chakula." Taratibu ikaja. Alijifunza kutokimbilia mwisho wa mwondoko, kuusikia ule unaofuata ukiwa umeshaanza ndani ya huu, na kuuingia kabla miguu haijaleta ubishi. Alijifunza pia kumwamini aliye mbele yake. Bana Tabita alipochoka kuvuka mpaka, alimwachia kikundi cha Vibwebwe vya Majengo.

Na nyumbani napo tuliona mabadiliko. Aliacha kudai. Ruti alipompigia simu kutoka chuo cha ualimu, "Shikamoo Dada Tupo," yeye aliitikia "Marahaba, mwanangu," wakaendelea na habari za chuo na za mvua. Wakati mwingine walikatishana wakikumbuka jambo, wakacheka, simu ikakatika mazungumzo yakiwa bado. Zamani angepiga tena ili wamalize. Sasa aliiweka simu chini akaendelea kushona.

Tarehe 12 Agosti 2017 ilifanyika kicheni pati ya Ruti, hapa Tunduma. Kwa desturi ya kikundi, mama wa binti ndiye anayetangulia mbele ya wachezaji mpaka kwenye kiti cha bibi harusi. Ruti alimwomba shangazi yake, Jenista, atangulie. Marehemu aliambiwa akiwa kwenye cherehani. Waliokuwepo wanasema aliuliza tu kiuno cha wifi yake kina ukubwa gani. Alishona sare zote, akamshonea Jenista kibwebwe kizuri kuliko vyote, akamfundisha, na siku yenyewe akasimama nyuma kabisa ya mstari, mwisho, karibu na mlango.

Wakaingia. Jenista alitwanga vizuri, tumpe haki yake. Alipotaka kuhamia mwondoko mwingine, akakwama palepale alipokwama wifi yake kule Mlowo. Mkono juu, macho yamemtoka. Kwa hofu akageuka nyuma kutafuta msaada. Lakini katika ngoma hii kugeuka ni ishara, nao wanawake, kwa mazoea, wakageuka wote. Tupokigwe akajikuta mbele.

Ukumbi mzima ulikuwa wake. Mguu wa kushoto ukakita. Ule mtwango ambao wifi yake hakuumaliza aliuchukua hewani, akauingiza kwenye kukoroga, kukoroga kukawa nane, wanawake wote wakamfuata kama maji, na Jenista akiwa nyuma akauokota mwendo na kutulia. Vigelegele vikapigwa. Wageni walidhani ndivyo ilivyopangwa. Angeweza kwenda hivyo mpaka kwenye kiti, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alizunguka na mstari, taratibu, mpaka Jenista aliyekuwa mkiani akawa hatua mbili tu kutoka kwenye kiti cha Ruti, ndipo yeye akashusha bega, akageuka. Jenista akawa mbele tena. Shangazi ndiye aliyemfikia bibi harusi, kama alivyoombwa.

Ruti alikuwa amefunikwa kitenge, lakini kitenge kina pembeni pa kuchungulia, na yeye alikuwepo Mlowo siku ile, alijua kukwama kunafananaje. Sherehe ilipokwisha, marehemu alikuwa anakunja vibwebwe. Ruti akaja akasimama karibu naye. "Mama," alisema, "hiki cha shangazi kitanitosha?"

Jenista anaapa kwamba alisubiri kilio. Dada yetu hakulia, wala hakuuliza "umeniitaje?" Alikichukua kibwebwe, akasema, "Hebu geuka nikupime."

Tangu hapo Ruti alicheza nyuma yake. Hata alipopangiwa kufundisha Chitete, alikuja Jumamosi nyingi kwa ile barabara ya udongo, masika akifika ametapakaa tope mpaka magotini, anaoga uani na kujifunga kibwebwe. Marehemu hakumpunguzia makali. "Unamaliza, Ruti," alikuwa akimwambia. "Umelitoa wapi hilo? Mimi sikukuzaa." Wakacheka wote wawili.

Mwezi Oktoba 2023 marehemu alianza kuumwa, na vipimo vilivyofanyika Mbeya vilionyesha saratani ya kizazi. Alitibiwa kwa muda mrefu. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Majengo, na mzee Yesaya aliyejifunza kupika uji uzeeni, na ukawa uji wa kunyweka. Mwaka huu miguu ilipomwishia nguvu, mazoezi yalihamia uani kwake. Aliongoza akiwa kwenye kiti, kwa bega tu, na wanawake waliweza kumfuata. Jumamosi tarehe 7 Juni 2025 aliongoza kidogo, kisha katikati ya mwondoko akashusha bega na kugeuzia uso pembeni, upande alipokuwa Ruti. Ruti alikuwa tayari ameshaingia. Tupokigwe aliwatazama mpaka jua lilipoondoka uani, akaomba arudishwe ndani.

Alifariki nyumbani kwake Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, saa mbili asubuhi, akiwa na miaka hamsini na mmoja. Chini ya mguu wa cherehani yake tumekuta kibwebwe cha mtoto, cha binti wa Ruti mwenye miaka minne. Kimefika kwenye kona, na sindano iko ndani ya kitambaa. Tumekubaliana asikiguse mtu, isipokuwa Ruti.

Marehemu alizaa watoto wawili. Ameacha mume, mzee Yesaya Simbeye. Watoto watatu, Ruti, Amoni na Gloria. Mjukuu mmoja anayeitwa Tupokigwe. Mdogo wake Lusubilo. Wifi yake Jenista. Na wanawake wa Vibwebwe vya Majengo, ambao wametuomba tutangaze kwamba mazoezi ya Jumamosi ijayo yapo palepale uani, saa kumi jioni. Marehemu aliagiza yasiahirishwe. Mbele atasimama binti yake mkubwa.

Bwana ampokee dada yetu, ampumzishe kwa amani.