Kidole cha Komisio na Vumbi la Njia ya Kisenge

Benchi lenyewe lilikuwa ubao wa sanduku la mashine uliolazwa juu ya matairi mabovu, pale Manika, mtaa wa Kolwezi, karibu na bomba la maji, na mwenye benchi alikuwa Mama Mianda kwa sababu kahawa ilikuwa yake, na mikate pia. Ilikuwa Ijumaa ya kiangazi, mwaka wa hamsini na sita, na vumbi jekundu lilikuwa limekaa juu ya kila kitu kama mgeni asiyejua kuaga: juu ya majani, juu ya mbuzi, juu ya sukari. Mama Mianda alikuwa amefunika birika kwa kitambaa na sukari kwa sahani. Masikio yake tu ndiyo hakuyafunika, maana habari za Kolwezi zilipita hapo kwanza, zikanywa kahawa, ndipo zikaenda kwa wenyewe.

Mbele ya benchi ilisimama kamyoneti ya Tata Ngeleka, ambaye watu walimwita Sanfren, yaani Bila-Breki, kwa kuwa aliona haya kugusa breki. Alikuwa aende Kisenge kuchukua Bitu bya Komisio.

Bitu bya Komisio, yaani vitu vya Komisio, kila mtu alivijua, na hakuna aliyevitaja mbele ya padri. Wakati ule wa Wabelgiji, mtu mweusi aliyetaka karte ya serikali, ile ya kuonyesha kwamba amestaarabika, alitembelewa nyumbani na watu watatu wa Komisio. Waliingia, wakahesabu uma, wakainua shuka, wakauliza bibi wa nyumba anakula wapi. Basi nani alikuwa na uma? Palikuwa na fotei mbili, viti vya mikono vya kitambaa cheupe, nape moja nyeupe ya kufunika meza, uma sita, na kitabu kikubwa cha maneno ya Kifaransa ambacho kurasa zake zilikuwa bado zimegandana. Vilizunguka nyumba kwa nyumba, mji kwa mji, mbele ya Komisio. Fotei zile zilikuwa zimestaarabika mara saba. Watu saba walipata karte juu yake.

Wa nane alikuwa Kisimba. Alikosa. Tangu siku ile aliitwa Bado-Kidogo, na sasa alikuwa amekaa mwisho wa benchi akipuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

Wa tisa alikuwa Stanislas Muamba, karani wa depo, yaani ghala, mwenye tai hata siku ya jua kali. Komisio ilikuwa ifike kwake Jumatatu, Lundi kama walivyosema wao.

— Tata Ngeleka, alisema Stanislas, unaona hapa nimesimama. Sikukaa. Mi nataka neno moja tu: ile nape itafika?

— Itafika.

— Rangi gani?

— Aa, rangi! Rangi haikukuwa mu maneno yetu.

Mama Mianda alimimina kahawa taratibu. Mazungumzo yaliyoanza hivyo hayakuwa ya kikombe kimoja.

— Wasimulie, Bado-Kidogo, alisema. Tata Stanislas asikie vizuri.

Stanislas alikuwa amesikia. Kila mtu alikuwa amesikia, yeye Mama Mianda mara arobaini, na kila mara kidole cha Komisio kilikuwa kirefu zaidi. Lakini Kisimba hakungoja kuombwa mara mbili.

— Komisio balikaa. Ule murefu alikaa kwa fotei. Akapitisha kidole hapa, kwa mukono ya kiti, pole, sawa mutu anapaka siagi. Akaangalia kidole. Nyekundu! Akaonyesha mwenzake. Akafunga kitabu. Hakusema ata neno moya, tata. Mi nilikuwa nimesoma jibu makumi tatu mu kichwa, na hakuna hata moya aliuliza.

— Vumbi ya kamyoneti, alisema Stanislas, akimtazama Ngeleka.

— Vumbi ya njia, alisema Ngeleka. Kamyoneti haizale vumbi. Kamyoneti inabebeshwa.

— Basi sema tufanye nini. Lundi ni kesho kutwa na siku moya!

Ngeleka aliweka kikombe chini. Hakuna kitu alichopenda kama kuulizwa mambo ya gari.

— Batu banafikiri vumbi inaingiaka kwa mbele. Bongo, ni uongo! Gari ikikimbia, inaacha shimo ya upepo huku nyuma. Vumbi inaona ile shimo, inaruka ndani, inapita kwa mulango ya nyuma, inapanda juu ya bitu, inalala. Unaweza kufunika na turubai ya askofu, itaingia. Dawa ni kuziba mulango ya nyuma na mupira ya ndani ya baisikeli. Unakata, unabandika pande zote. Ata nzige hapiti.

— Na mwaka jana hukubandika? aliuliza Mama Mianda, kwa upole mwingi.

— Nilibandika.

— Na?

— Iliangukia mu njia. Mi niliona mu kioo, nikafikiri ni nyoka, sikusimama.

Hapo Mbuyi alikohoa. Mbuyi alifagia tribinali, na kwa kuwa maneno ya majaji yaliachwa chini pamoja na karatasi, aliyaokota yote. Walimwita Avoka, yaani wakili, na yeye aliitika bila kucheka.

— Ninaomba neno. Tata Ngeleka ametoa ushahidi mwenyewe: vumbi inaingia paka kwa nyuma tu. Ni kweli ao si kweli?

— Ni kweli.

— Muandike. Sasa, gari ikienda kinyumenyume, nyuma inakuwa mbele, na mbele inakuwa nyuma. Vumbi itaingia wapi? Kwa moteri. Komisio haipitishe kidole kwa moteri.

Watu waligeuka wakaitazama kamyoneti, kwa maana ukilisikiliza haraka neno lile lilikuwa na miguu.

— Kinyumenyume tangu Kisenge? alisema Ngeleka. Na shingo yangu?

— Shingo ni mambo ya dereva. Mi nasema mambo ya sheria.

— Na nikikutana na lori ya manganeze ya mugodi?

— Mutaangaliana vizuri, maana wote munaenda upande moya.

— Avoka, wewe siku moya utafunga mutu na yeye ndiye mushitaki!

Kisimba alisogea katikati ya benchi. Mwaka mzima alikuwa amelifikiria jambo hili, usiku na mchana, na kichwa chake kilikuwa kimejaa kama depo.

— Mi nasema bablanketi. Loweka bablanketi mu mayi, funga nape ndani, funga fotei ndani. Vumbi ikigusa mayi, inakufa.

— Haikufe, alisema Ngeleka. Inakuwa udongo. Utaletea Tata Stanislas tofali mbili na uma.

— Basi jeneza.

— Nini?

— Jeneza! Kisimba alisimama. Kuna kitu kinafungwa vizuri kupita jeneza? Misumari pande zote. Na tena, mu njia hakuna mutu anaweza kupita mbele ya gari ya maiti, ni haya. Sasa kama hakuna gari mbele yako, hakuna vumbi ya mbele. Nape inalala ndani, kimya, na heshima yake.

— Itahitaji barua ya kifo, alisema Mbuyi. Jina la marehemu nani?

— Andika Nape.

— Kabila?

— Mubeleji!

Hata Ngeleka alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Mama Mianda alicheka kwa mabega tu, maana mdomo ulikuwa unangoja zamu yake.

— Na fotei? aliuliza Stanislas, ambaye hakucheka. Fotei haiingie mu jeneza.

— Ya mutu munene inaingia, alisema Kisimba. Maboko ya kiti ukiyakunja.

— Haikunjike! Ni mbao! Na bibi yangu Valérie, anaona jeneza inashushwa kwa mulango yake, jirani banaanza kulia, Komisio inakuta matanga! Bandugu, muniache!

— Miye niko na dawa ya rahisi, alisema Mama Mianda, akifuta birika.

Wote wakamgeukia.

— Munahangaika na nini? Pale Kisenge, muloweke nape mu udongo mwekundu, muipike, muianike. Fotei pia mupakae. Vumbi ikifika ndani, itakuta ndugu yake. Ule murefu atapitisha kidole, ataona kidole nyekundu na kiti nyekundu, atasema: aa, hawa banapenda rangi moya!

Alisema hivyo kwa mchezo. Lakini Stanislas aliangalia juu, akashika tai yake, na Mama Mianda akaona kwamba mtu mzima mwenye kalamu tatu mfukoni alikuwa anapima ule udongo kweli. Kicheko kikamkauka.

— Tata Stanislas, alisema, karte ni karatasi. Miye sina, na mikate yangu inaumuka.

— Mama, mi sitaki karatasi. Mi nataka shule.

Akakaa sasa, kwa mara ya kwanza, juu ya ubao ule ule wenye vumbi, na suruali yake iliyopigwa pasi.

— Mutoto wangu Godelieve iko na myaka sita. Anasoma kila kitu. Anasoma makopo ya samaki, anasoma magunia, anasoma namba ya treni. Nilimupeleka kwa shule ya upande wa bazungu. Balimupa kitabu, akasoma paji nzima, ukurasa muzima. Balifurahi. Kisha baliniuliza: tata, iko na karte? Nikasema bado. Balisema: Septemba, leta mutoto pamoja na karte. Alipotoka nje aliniuliza kama alisoma vibaya.

Ngeleka alitoka akaenda kubonyeza mlango wa nyuma wa kamyoneti, mara moja, mara mbili. Ulilia kama bata. Kati ya mlango na ubao wa pembeni ungeweza kupitisha mkono mzima pamoja na saa.

Wakati huo lori moja la kutoka upande wa Sandoa lilisimama penye bomba, likashusha magunia ya muhogo, kuku, na mama mmoja mzee. Rangi ya kitambaa chake cha kichwa haikujulikana. Nyusi zake zilikuwa nyekundu. Alijikung'uta mara tatu, akabaki vilevile, akaja kwenye benchi.

— Bamama na batata, mambo yenu? Mi ni Nkulu, nimekuya kuona mutoto wangu ku kambi. Mama, iko kawa?

— Iko ya mwisho, alisema Mama Mianda, akainamisha birika mpaka likatoa sauti ya koo.

Mama Nkulu alinyoosha mkono kushika kikombe, akauona mkono wake mwenyewe, akaurudisha.

— Mayi kwanza, mama. Mi siwezi kugusa kikombe ya mutu hivi.

Mama Mianda alivuta beseni lake la maua, lile lenye pembe iliyobanduka, akamwagia maji mgeni wake mikononi. Maji yalishuka mekundu kama mafuta ya mawese.

— Njia ya Kisenge? aliuliza Ngeleka.

— Njia ile ile. Nilikaa juu, kwa upepo. Nimekula udongo ya kutosha kujenga jiko.

Akanywa, akawatazama wanaume wale mmoja mmoja, akaona sura za msiba.

— Nani amekufa?

— Bado, alisema Mbuyi. Ni nape.

Basi wakamweleza, na Kisimba, kwa mara ya arobaini na mbili, akasimulia kidole. Mama Nkulu alisikiliza vizuri, kikombe magotini, akitikisa kichwa mahali pa kutikisa.

— Pole sana, mwanangu. Na bale bageni, balitokea wapi siku ile?

— Njia ya Kisenge, mama. Balikuwa na kazi kule.

— Mu gari ya kufunga?

— Hapana, mu jipi. Jipi ya wazi, haina ata kioo cha pembeni.

— Haya. Balipofika, mulibapa mayi ya kunawa?

Kisimba alishangaa.

— Mayi ya kunawa? Mama, tuliweka uma! Bibi yangu alitaka kuleta beseni, ni mi nilimukataza. Nilimuambia: ficha ile, batasema sisi ni batu ba mu mugini, ba shamba, tunakula na vidole.

— Naelewa, alisema Mama Nkulu. Aliweka kikombe juu ya ubao. Sasa ile kidole ya mugeni, mbele ya kugusa kiti, ilikuwa rangi gani?

Watu wote wakamgeukia Kisimba, maana ni yeye tu aliyekuwepo.

Kisimba aliinua kidole chake mwenyewe, cha shahada, akakiweka karibu na macho. Alikitazama muda mrefu, huku na huku, kama mtu anayetafuta mwiba.

— Mi niliangalia paka kiti tu, alisema.

Stanislas alisimama. Akajipangusa suruali, akainama mbele ya Mama Mianda kama mtu aliye kanisani, akashika beseni kwa pembe ile isiyobanduka.

— Mama, hii unaazimisha?

— Mpaka Lundi jioni, alisema Mama Mianda. Na sabuni utanunua mwenyewe. Na taulo iwe nyeupe, waone mbele yako kile wanachofuta mikononi.

Ngeleka aliwasha moto wa gari. Kamyoneti ilitetemeka, mlango wa nyuma ukalia, na ikaondoka kwenda Kisenge kuchukua fotei zilizostaarabika, bila mpira, bila blanketi, mbele ikiwa mbele. Vumbi lake likainuka likarudi juu ya benchi zima. Wote wakafunika vikombe vyao kwa viganja, haraka, kama walivyozoea, ingawa kahawa ilikuwa imekwisha.